Mahali pa Kukosea

Wiki iliyopita nilipeleka kitambaa kwa fundi mmoja Kariakoo, kwenye zile baraza ambazo mafundi wamebanana cherehani kwa cherehani mpaka ukigeuka tu hujui tena ni nani uliyemwachia mali yako. Fundi wangu alikuwa anatia mafuta mashine. Alipoinua kile kichupa chenye mdomo mrefu, harufu ikanifikia, nikasahau kilichonipeleka. Aliniuliza mara mbili kama nataka mikono mirefu au mifupi, nikamjibu yoyote. Gauni limekuja na mikono kama ya kanzu, na ninalivaa hivyo hivyo.

Mtu aliyelelewa na mama mshonaji angetegemewa aisikie harufu hiyo amkumbuke mama. Mama yangu alikuwa mshonaji kweli, na mafuta yalikuwa yake. Lakini mimi nikiyasikia namkumbuka Baba, kwa sababu alikuwa akiyaiba kidogo kidogo kupaka bunduki. Nyie wa rika langu mliokulia Gerezani na Kariakoo huenda mnamkumbuka: mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa, ubao wa maputo, na bunduki ya upepo inayotoa vijirisasi vidogo kama punje za mtama. Unalipa kidogo, unalenga, ukipasua puto unapewa soda au pakiti ya biskuti. Wengi mlimwita Kamanda. Hakuwa kamanda wa chochote.

Baba alitoka Machame akiwa kijana, akapita mafunzo ya mgambo ambako alisifiwa kwa shabaha, kisha akashuka Dar kwa kaka yake, Baba Mkubwa, aliyekuwa na duka la spea Gerezani. Watu wanaamini Mchaga huzaliwa na duka kichwani. Baba alizaliwa bila. Mteja akiuliza kama springi ni mpya, Baba alimwambia ukweli, halafu akamwonyesha na kutu yenyewe ilipo. Baba Mkubwa alivumilia, akasema, akagomba, na siku Baba alipoaga kwamba anaenda kutafuta kazi yake mwenyewe, alimjibu neno moja tu, "Utarudi." Nilikuwa nimesimama mlangoni nikila biskuti za dukani, na nililiona neno lile linavyomwingia Baba mwilini.

Kwa hiyo bunduki, aliyoinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama mji, ilikuwa ndiyo kinga yake dhidi ya neno hilo. Akiwa na mahali pa kuitumia, alikuwa mtu wa kazi yake. Akikosa, atarudi nyuma ya kaunta ya kaka yake kupokea amri. Mama alilijua hilo, na ndiyo maana aliyafumbia macho mafuta yake, ingawa hakufumba mdomo. "Hii bunduki inakunywa kuliko mashine inayotulisha," alikuwa akisema, na Baba anacheka, anafuta mtutu na kipande cha kitambaa alichokiokota chini ya cherehani.

Shida ilikuwa mahali. Polisi walishamwambia kwamba bunduki ina karatasi zake na haina neno, ila hawezi kuitandaza kokote anakotaka. Lazima iwe sehemu ya wazi ambayo mtaa umeiridhia, na nyuma ya shabaha pasiwe na mtu. Ukiwaza jiji zima ni kubwa, unaona hilo ni jambo la asubuhi moja. Sisi lilitumalizia Jumapili zetu.

Baada ya ibada Baba alibadilisha viatu, akanishika mkono, tukaenda kutafuta. Tukifika penye uwazi, hakutazama pale ubao utakapokaa. Alitazama nyuma yake. Alitembea kwa hatua ndefu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akageuka, akaangalia jua linatokea wapi, akaokota vumbi na kuliachia lipeperuke. Halafu alimtafuta mtu wa jirani. Hapa watu wanakatiza muda gani? Watoto wanacheza upande upi? Mvua ikinyesha maji yanasimama? Ule ukuta una mlango kwa nyuma? Watu walimjibu kwa uchangamfu mwanzoni, kisha kwa mashaka.

Kijana mmoja wa spea, aliyechoka kumwona akizunguka, alimwambia mbele yangu, "Kamanda, si upige popote tu? Bunduki yenyewe ya maputo."

Baba alisimama kabisa. "Hii inatoa jicho," alisema. "Anayejua kulenga anaweza kupiga popote. Wateja wangu hawajui. Mimi natafuta mahali pa kukosea."

Sasa niwaambie mimi nilikuwa nawaza nini. Mwaka uliotangulia, Baba Mkubwa alinunua kiwanja Kimara, na ukoo mzima ulienda kukiona. Nilimwona akitembea kwa hatua ndefu, akigeuka, akiangalia jua, akiwauliza majirani kuhusu maji ya mvua na njia za watu. Baadaye wakachimba pembeni na kupanda masale yaliyoletwa kutoka nyumbani, ile mimea yenye majani marefu ya kijani ambayo kwetu ndiyo mpaka, na asiyeijua mipaka mingine yoyote huijua hiyo. Miezi baadaye nyumba ikasimama, na binamu zangu kila mmoja ana chumba. Kwa hiyo mtu mzima wa kwetu akipiga hatua ndefu kwenye ardhi tupu, mimi nilijua maana yake ni moja. Baba alikuwa anatutafutia pa kujenga.

Tulikuwa tunaishi chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, pazia katikati, kitanda changu nyuma ya marobota ya vitambaa vya wateja. Sikumuuliza Baba kitu. Nilifundishwa kwamba jambo jema likitajwa kabla ya wakati wake linaharibika, nami sikutaka kuliharibu. Nilichagua chumba kimya kimya. Bonde la Jangwani lilikuwa pana na Baba alilitazama muda mrefu, akalikataa kwa sababu ya wakulima wa mchicha walioinama kwenye matuta yao na hawaonekani mpaka wainuke. Mimi nilifurahi alivyolikataa, kwa kuwa nilikuwa nahofia mafuriko yataingia chumbani kwangu. Uwanja wa karibu na shule aliukataa kabla hata hatujavuka barabara. Kwingine mlinzi alitufukuza, na nilipouliza analinda nini, Baba alisema, "Nyasi."

Tukirudi, Mama aliuliza bila kuinua mguu kwenye pedali, "Mmepata?" Baba anatikisa kichwa. "Basi nawa ule," anasema Mama.

Tulipata hatimaye palepale Gerezani, karibu na ardhi ya reli. Palikuwa na uwanja wa vumbi ambao haukuwa na mwenyewe, au ulikuwa wa wote, na katika mtaa wetu hayo mawili yalihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mwisho wake kulikuwa na ukuta wa zamani, mnene, usio na mlango, na mbele ya ukuta tuta refu la udongo lililobaki kutoka kwenye ujenzi fulani. Baba alichoma tuta kwa kidole, kidole kikazama. Alicheka peke yake. Nikajua, hapa ndipo.

Mwenyekiti wa mtaa, mtu wa maneno mengi na miwani ya jua, alikuja akaona, akasema haina shida, ila siku za harusi na misiba uwanja ni wa turubai. Baba alikubali kwa mikono miwili. Upande wa barabara aliishi Bi Somoe, mama mtu mzima aliyetoka Lindi miaka mingi, na msiba au harusi ikitokea ndiye aliyepokea sufuria, ndiye aliyesema turubai lifungwe wapi. Baba alimwendea naye. "Pigeni tu maputo yenu," alisema Bi Somoe, "mradi msiniamshe mchana." Alinipa muwa nikatafune.

Kipindi kile kilikuwa kifupi, lakini nikikikumbuka naona kama kilikuwa utoto wangu wote. Mimi ndiye niliyekuwa napuliza maputo mpaka mashavu yanauma. Makuli wa sokoni walikuja wakitoka kushusha mizigo, mabega bado yana unga wa magunia, na vijana wa spea wakaja na kejeli zao.

"Oya Kamanda, hii bunduki imepinda!"

"Haijapinda. Umepinda wewe. Shusha bega, vuta pumzi, subiri."

Baba alimshika mtu mzima bega kwa upole kama anamfundisha mtoto kuandika. Hakumcheka aliyekosa. Risasi ikizama kwenye udongo, alisema, "Salama," kisha akaijaza bunduki tena. Mtu akipasua puto, uwanja mzima ulipiga kelele, na Bi Somoe aliyekuwa hataki kuamshwa alitoa kichwa dirishani kuuliza nani kashinda. Mama alikuja jioni na chakula, akakaa kwenye kreti la soda, akamtazama Baba. Nilikuwa sijawahi kumwona akimtazama hivyo.

Tatizo likawa watu kukatiza. Uwanja ulikuwa njia ya mkato kuelekea kituo cha daladala, na mtu mwenye haraka zake hatazami bunduki. Baba alikuwa anainua mtutu juu kila kivuli kinapotokea, anangoja, mteja ananung'unika. Alifunga kamba. Asubuhi yake haikuwepo. Alifunga nyingine, na mchana tuliiona imefunga magodoro kwenye mkokoteni unaopita, na msukuma mkokoteni akatusalimia vizuri kabisa. Siku moja mtoto mdogo alichomoka nyuma ya tuta akikimbiza tairi. Hakuna aliyekuwa amefyatua, wala bunduki haikuwa na kitu, lakini Baba alikaa chini vumbini. Alifunga kazi siku hiyo.

Desemba tulipanda basi kwenda nyumbani kama Wachaga wote. Tuliporudi, miguuni mwetu kulikuwa na gunia lililolowa, na ndani yake miche ya masale. Mama alishangaa, akasema Dar hii itakufa kwa joto. Baba alikuwa na furaha ya mtu aliyepata dawa. "Kamba wanaiba," alisema. "Hii nani ataiba? Kwetu hata mlevi akiiona anazunguka." Aliamini hivyo kwa moyo wote. Tangu alipojifunza kutambaa alikuwa hajaona mtu mwenye akili zake akivuka masale, na hakuwaza kwamba heshima ile ilikuwa ya watu wa mlimani tu, kwamba huku chini kwenye vumbi la Gerezani ni majani.

Aliyapanda mstari kwa mstari pande zote mbili za njia ya risasi, kuanzia pale mpigaji anaposimama mpaka kwenye tuta. Mimi nilibeba maji kwenye kopo la rangi. Sikuwa nimewahi kuwa na furaha kama ile. Kila mche nilioumwagilia nilisema moyoni, huku ni sebuleni, huku ni jikoni, huku ni kwangu.

Siku ya tatu Bi Somoe alitoka nje, akasimama mikono kiunoni, akatazama. "Baba Manka," aliita, kwa jina langu mimi, "hivi ni nini?"

"Ni alama tu, Bi Somoe. Watu wasikatize."

"Alama ya nini? Mimi nimeishi na nyinyi. Mchaga akishapanda jani lake hilo, pamekuwa shamba."

Baba alicheka, akadhani ni utani, maana utani wa makabila ndio ulikuwa chumvi ya mtaa wetu. Bi Somoe hakucheka. Leo ninamwelewa. Alikuwa ameshuhudia viwanja vingi vya wazi vikianza na kigingi kimoja, na kigingi kinazaa uzio, na uzio unazaa ghorofa. Alikuwa na uwanja mmoja tu uliobaki wa kufanyia misiba ya watu wake kwa heshima, na sasa anamwona mtu wa ukoo wenye maduka akichimba mashimo. Habari ilizunguka haraka kuliko bajaji. Kufika jioni, Baba alikuwa keshajimilikisha, keshahonga, keshaleta mchoraji ramani.

Kilifanyika kikao palepale uwanjani. Baba alieleza. Alieleza vizuri mno, na hapo ndipo alipojiponza. Alisema sale kwetu si mali, ni amani. Alisema ukimkosea mtu unamletea jani lake naye hawezi kukukatalia msamaha. Alisema hata mpaka wenyewe ni namna ya kusema tusigombane. Watu walikuwa wanamsikiliza, ila neno walilolishika lilikuwa mpaka. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Si kautaja mwenyewe?" Baba alitaka kuing'oa miche mbele yao, mwenyekiti akamzuia, akasema aiache kwanza, ni ushahidi.

Kesho yake asubuhi Baba alivaa shati la ibada. Alikata jani moja la sale, refu na zuri, akalifunga fundo kama wazee wake walivyomfundisha, akaniambia twende. Nilijiona mkubwa kuchukuliwa kwenye jambo kama lile. Alibisha hodi kwa Bi Somoe, akavua kofia. "Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba," alijibu kutoka ndani, kisha akafungua.

Baba aliinamisha kichwa akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. "Nimekuja kuomba radhi."

Bi Somoe alilitazama jani, akalitazama fundo. Uso wake ulibadilika mbele ya macho yangu kutoka hasira kuwa woga, na sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akimwogopa Baba. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa ukumbi.

"Umenifungia nini humo?"

"Hapana, mama, hili ni la…"

"Umefunga nini? Jina langu? Nisiseme tena?" Alianza kupiga kelele. "Njooni muone! Kaniletea jani la fundo mlangoni asubuhi yote hii!"

Milango ya ukumbi mzima ilifunguka. Baba alisimama na jani lake, hajui aliweke chini au aliweke mfukoni, na kila alipolisogeza watu walisogea. Ilimlazimu kurudi nalo nyumbani mkononi, mtaa mzima unaona. Mimi nilishika suruali yake. Huko Machame mtu angelia akalipokea, wangekunywa mbege, yangekwisha.

Baada ya hapo hakukuwa na la kueleza. Mtu akiumwa kichwa, ni fundo. Mwenyekiti alikuja na mgambo, wakang'oa masale yote, wakayachoma pembeni. Moshi wake ni mzito, mwenye kuyajua anajua. Baba aliambiwa abebe ubao wake. "Mzee, si bunduki," mwenyekiti alisema akiwa amevua miwani, na nadhani alimhurumia kweli. "Karatasi zako safi. Ni amani ya mtaa."

Tulianza tena Jumapili zetu. Hazikuwa zile. Baba alipiga hatua zake kwa kuharakisha, kama mtu anayejua jibu, na watu wa jirani hawakungoja amalize swali. Kila tulikofika kulikuwa na mwenyewe, hata penye majani tu na mbuzi.

Na ule uwanja wetu? Mvua za masika zilipokatika, tuliamka tukakuta umezungushiwa mabati ya bluu, mapya, kutoka kwenye ukuta wa zamani mpaka usawa wa dirisha la Bi Somoe. Hakuna aliyejua ya nani. Palikuwa na mlinzi mgeni asiyejibu salamu, na mwenyekiti alisema karatasi zimetoka juu. Hapakuwa na kikao. Watu wale wale waliomzunguka Baba kwa ajili ya majani walipita pembeni ya mabati wameinamisha vichwa, wanatafuta njia nyingine ya kufika kwenye daladala.

Muda si mrefu Bi Somoe alifiwa na mdogo wake. Turubai lilifungwa barabarani, nusu kwenye mtaro, bajaji zinapiga honi kwenye matanga. Baba alienda. Mama alimwambia asiende, akaenda, akakaa kwenye mkeka na wanaume wengine, nami nikiwa karibu yake. Bi Somoe alipotoka kuwashukuru watu alifika mbele yetu akasita. Macho yalikuwa yamevimba.

"Baba Manka," alisema, "majani yako tuliweza kuyang'oa."

Baba alijibu kwa sauti ndogo, "Ndiyo maana niliyapanda, mama."

Bi Somoe alitikisa kichwa, akashika mdomo kwa upande wa khanga, akaenda zake. Waliombana radhi namna hiyo, nadhani. Haikumrudishia yeyote kati yao kitu.

Baba alijaribu mara ya mwisho ng'ambo. Tulivuka na pantoni pale Magogoni, bunduki iko kwenye gunia, mtutu umefungwa vitambaa. Nilikuwa na tumaini kubwa, maana nilisikia Kigamboni watu wanajenga. Tulitembea juani mpaka viatu vikanichubua. Upande mmoja kulikuwa na kibao kinachokataza watu kupita, upande mwingine uzio mrefu wa ufukwe wa watu. Tulimkuta mlinzi amekaa kwenye ndoo.

"Hapa pana mwenyewe, mzee."

"Na pale ng'ambo ya barabara?"

"Pana mwenyewe."

"Na kule kwenye minazi?"

Mlinzi alicheka kwa huruma. "Kule ndiko kuna mwenyewe hasa." Alitupa maji ya kunywa.

Wakati wa kurudi tulisimama kwenye umati kungoja pantoni. Baba alikuwa anakaza kamba ya gunia tena na tena. Nilitaka kumchangamsha, na nikaona labda wakati wake umefika wa kulitaja lile jambo.

"Baba, tukijenga, mimi naomba chumba cha upande wa barabara."

"Tukijenga nini?"

"Nyumba."

Nikamweleza yote. Nilimweleza kuhusu Kimara na hatua ndefu, Jangwani na mafuriko, kila mche nilioumwagilia ulikuwa chumba gani. Nilimweleza kwamba nilikuwa sijamwambia mtu yeyote ili isiharibike. Nilitegemea acheke aniinue juu, kama alivyokuwa akifanya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Umati ulianza kusogea, watu wanatusukuma, naye hasogei.

"Ulikuwa unawaza hivyo tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Kila Jumapili?"

"Ndiyo."

Alihamisha gunia bega la pili. "Haya, shika mkono wangu," alisema, "kuna watu wengi." Tulivuka, tukatembea mpaka nyumbani. Mama aliuliza kama kawaida, "Mmepata?" na mara hii Baba hakutikisa kichwa. Alitoa bunduki kwenye gunia, akaifuta vizuri, akaipandisha juu ya kabati upande wa ukutani. Kisha akasema, "Kesho nitaenda kwa kaka."

Nimeishi na jambo hilo muda mrefu. Mabati hayakumvunja, wala kikao, wala moshi wa masale. Alikuwa bado anavaa viatu na kutoka. Kilichomvunja ni kusikia mwanawe alidhani anafanya nini. Nilimdhania jambo kubwa kuliko alilokuwa akilifanya, na alilokuwa akilifanya lilikuwa limemshinda. Sikufanya kosa, nilikuwa mtoto. Lakini inaniuma hivyo hivyo, na siku hizi nikitembea mjini na wanangu, nikiwaona wanacheza mpira kwenye korido ya ghorofa kwa sababu hakuna pengine, inaniuma zaidi.

Wiki ile ile nikitoka shule nilipitia dukani kwa Baba Mkubwa. Baba alikuwa nyuma ya kaunta amevaa koti la buluu la duka, ameinamia boksi la bolti, anachambua. Baba Mkubwa alikuwa amekaa ndani kwenye kiti, anaongea na simu. Hakumsema wala kumcheka. Hakuwa na haja.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba," Baba alijibu bila kuinua uso. "Unatafuta spea ya gari gani?"

"Ni mimi, Baba."

Aliinua kichwa. Alinitazama, akatazama begi langu, akatazama mlangoni. Vijana wawili walikuwa wanaingia wamebeba propela ya lori, mmoja mbele mmoja nyuma.

"Usisimame hapo," alisema. "Watu wanapita na vyuma. Nenda kwa mama yako."

Nililia njia nzima. Mama aliponiuliza nini kimenipata sikuwa na la kumwambia, kwa sababu hakuna kibaya kilichokuwa kimetokea. Baba yangu alikuwa amepata kazi.